Kidoletumbo cha Mwalimu Ismenia

Serikali ya Chile iliona kwamba barafu ya kusini haiwezi kulindwa kwa bendera na wanajeshi peke yao. Ilitaka pawe na nyumba, jiko linalowaka, watoto wanaokwenda shule. Kwa hiyo Baldomero Vukasovic, fundi wa ndege za jeshi, alipopangiwa kwenda Antaktika, mkewe Ismenia alipewa kazi ya kufundisha shule ya kule. Sharti lilikuwa kila mtu akatwe kidoletumbo kwanza, hata kama ni kizima, kwa kuwa hakukuwa na chumba cha upasuaji, na hali ya hewa ikichafuka ndege hazitui.

Mama yake Ismenia, Doña Edelmira, alikuwa akikaanga maandazi ya sopaipilla alipoambiwa. Akazima jiko.

"Mtu hupasuliwa akiumwa," alisema. "Serikali ikiitaka hiyo barafu, si ikaikalie yenyewe?"

"Serikali ndiyo sisi, mama," alijibu Ismenia.

"Sisi nani? Tumbo la mwanangu halikupigiwa kura."

Wakanuniana. Ismenia hakwenda kwa ajili ya bendera. Darasa lake la mjini Punta Arenas lilifurika hadi majina ya watoto yalimchanganya, na kule wangekuwa sita tu. Hata hivyo, maneno ya mama yalimkaa moyoni, na mara mbili alitaka kughairi. Tumbo lilimsokota kila asubuhi, naye akasema ni wasiwasi.

Siku ya upasuaji Doña Edelmira alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye benchi na kufuma soksi, bila kumsemesha mkwewe. Daktari alipotoka alisema kidoletumbo kilikuwa kimevimba, karibu kupasuka.

"Na kama angekwenda nacho?" aliuliza Doña Edelmira.

"Tungemzika, mama."

Doña Edelmira alifuma mstari mmoja zaidi wa soksi. Kisha akamgeukia Baldomero, akamuuliza kama kule miguu hupata baridi sana.

Wakaenda. Majira ya joto meli ilileta wakubwa wa serikali kutoka Santiago, na mmoja akamuuliza Ismenia anajisikiaje kulinda mipaka ya taifa. Alijibu kwamba asubuhi hiyo alikuwa akifundisha kugawanya, na watoto wawili bado hawajaelewa. Yule bwana akavua kofia, akaketi kwenye kiti kidogo cha nyuma mpaka somo likaisha.

Jumapili mama hupiga simu. Habari za serikali haulizi. Huuliza wamekula nini.