Korosho za Mtani

Zuwena aliacha kazi ya kiwandani Kibaha kwa mbwembwe zote, akarudi kwao Masaki, Kisarawe, kubangua na kukaanga korosho zake mwenyewe. Ukweli usemwe, korosho zake zilikuwa tamu. Bi Fadhila, mwenye duka kubwa la vyakula kule Kibaha, alionja moja, akaongeza ya pili, kisha akasema, "Mwanangu, mzigo wako nitauchukua wote, kila wiki. Ila Ijumaa uje na TIN, namba yako ya mlipakodi. Mimi sinunui kwa mtu asiyejulikana TRA."

Hapo kitumbua kikaingia mchanga. Kiwandani, mambo ya kodi na michango ya pensheni ya NSSF yalikuwa ya mhasibu. Kazi ya Zuwena ilikuwa kununa tu akiona mshahara umekatwa. Sasa alijiona kama kuku anayejipeleka mwenyewe kwa mwenye kisu. Na mumewe Seifu, ambaye hajawahi kulipa kodi hata siku moja na kwa hiyo anaijua sana, akamkoleza: "Ukishaandikishwa tu, wanakuja kubeba mpaka kikaangio."

Lakini bila duka la Bi Fadhila biashara isingesimama. Ingebidi arudi kiwandani kuomba kazi ile ile aliyoiaga kwa madaha, na aibu hiyo Zuwena hakutaka hata kuifikiria.

Jumatano maofisa wa kodi wakaja Masaki kutoa elimu, wakaweka meza karibu na ofisi ya kata. Zuwena akapanga korosho zake pembeni, kwenye meza yake ndogo, masikio ameyatega. Ofisa aliyesimama kuzungumza alikuwa kijana mnene, shati la kazi limenyooshwa vizuri. Akajitambulisha: Maganga, mtu wa Tabora.

"Mnyamwezi!" Zuwena akadakia, na hofu yote ikamtoka. Wazaramo, kabila lake, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na utani wao hauna staha hata kidogo. Babu yake Zuwena alipozikwa, Mnyamwezi mmoja aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mtani anasema lolote, anachukua chochote, na hakuna wa kumwuliza.

"Karibu mpagazi wangu!" Zuwena akamtania, maana Wanyamwezi wa zamani walisifika kwa kubeba mizigo ya misafara. "Leo umebeba nini?"

"Nimewabebea akili, enyi wala mihogo!" Maganga akajibu, na umati ukaangua kicheko. Kisha akaanza kueleza. TIN inatolewa bure. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni nne halipi kodi ya mapato. Akizidi hapo, analipa kidogo kidogo kwa awamu, na akitunza kumbukumbu za mauzo anapata nafuu.

"Na sisi tuliokuwa tunakatwa NSSF?" Zuwena akauliza. "Si ndiyo imeshaliwa?"

"Haijaliwa, mtani. Michango yako ipo. Nenda kwao ujiandikishe kama mtu aliyejiajiri, uendelee pale ulipoachia, uje upate pensheni ukiwa bibi."

Zuwena akacheka mpaka kanga ikamlegea. Serikali itoe kitu bure? Ikuambie usilipe? Huo ulikuwa utani wa daraja la juu. "Mwongo mkubwa wewe!" akamwambia, akaanza kufungasha korosho zake. Moyoni alikuwa ameshaamua kwamba maneno ya Seifu ndiyo ya kweli, na Ijumaa haendi Kibaha.

Mkutano ulipoisha Maganga akaja kwenye meza ya Zuwena, akachagua pakiti moja.

"Chukua, haki yako," Zuwena akasema. "Mtani halipi."

Maganga akatoa pesa, akaiweka mezani.

"Unanitukana?"

"Nikivaa shati hili sina utani, dada yangu. Nikichukua bure leo, kesho watasema nimehongwa korosho."

Zuwena akaitazama ile noti. Katika maisha yake hakuwahi kuona mtani analipa. Kisha likamwingia taratibu: kama huyu mtu ameacha haki ya mababu zake kwa sababu ya shati, basi na yale aliyoyasema akiwa ndani ya shati hilo yalikuwa ya kweli. Yote. Akamkimbilia kabla hajapanda gari.

"Mtani, ngoja! Kitambulisho changu cha NIDA hiki hapa, niandikishie hiyo TIN!"

Ijumaa Bi Fadhila akapokea mzigo, akaangalia TIN, akaagiza mwingine. Kutoka hapo Zuwena akapitia NSSF, akaikuta michango yake imekaa inamsubiri. Alirudi nyumbani anaimba njia nzima.

Jumamosi moja, wiki chache baadaye, Zuwena na Seifu wakiwa mezani pao, akapita kijana mnene amevaa jezi ya mpira na kandambili. Hakusalimu. Akainyakua pakiti kubwa kuliko zote, akaikumbatia, akaendelea na safari yake.

"Mwizi!" Zuwena akapiga kelele kwa furaha. "Mnyamwezi ananifilisi!"

Seifu, ambaye siku hizi ndiye mwandishi wa mauzo, akafungua daftari, kalamu mkononi. "Hii naiandika wapi?"

"Funga daftari lako," Zuwena akamwambia, anafuta machozi ya kicheko. "Leo hana shati."