Mayai ya Kumtunza Mwindaji

Honi ya trekta ilipolia asubuhi ile ya Jumamosi, Obdulia alijua kilichotokea kabla hajafungua mlango. Huko Valdeciervo, kwenye milima ya Zamora, anayemuua mbwamwitu humpitisha nyumba kwa nyumba, na kila nyumba humtunza mayai au soseji. Serikali imepiga marufuku, lakini serikali haichungi kondoo. Obdulia, aliyeliwa kondoo wanane tangu Pasaka, alitia mayai sita kwenye aproni akatoka mbio, anacheka peke yake.

"Hongera, kaka Fermín! Mkono wako usichoke!"

Fermín mwindaji alishuka, kofia upande. "Asante, dada. Njoo umwone. Dume la nguvu."

Obdulia akachungulia kwenye tela. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na kovu. Kovu lile alilitia yeye mwenyewe mwaka juzi, mkasi wa kunyolea kondoo ulipomponyoka.

Alikuwa Moro, chotara wa mbwa na mbwamwitu ambaye Obdulia aliletewa na binti yake, angali kitoto cha kubebwa kwenye kikapu. Kijiji kizima kilimshupalia mnyama yule, eti atamaliza mifugo, ilhali hajawahi kung'ata hata kuku. Mwishowe wakamruhusu aishi kwa sharti moja: avae mkanda mwekundu wenye kengele, asije akapigwa risasi kwa bahati mbaya. Miaka mitatu hakuvuliwa mkanda ule hata siku ya kuogeshwa.

"Mkanda wake uko wapi?"

"Mkanda gani? Mimi nimeona mbwamwitu, nikafyatua."

"Fermín, usinifanye mjinga! Manyoya ya shingo bado yamelala pale mkanda ulipokuwa!"

Fermín alirudi nyuma hatua moja, na mfukoni mwa koti lake kengele ikalia.

Hasira ilimpanda Obdulia hadi masikio yakaziba. Alimkwida koti, akauchomoa mkanda. "Uliisikia! Uliisikia kengele, ukafyatua hivyohivyo, muuaji mkubwa wewe!"

"Punguza kelele, dada. Mbwa, mbwamwitu, damu ni ileile. Watu wamefurahi."

"Watu wamedanganywa!"

Akanyakua kwenye trekta kapu la mayai ambayo Fermín alikuwa ametunzwa, akaenda nyumba ya jirani, akapiga mlango kwa ngumi. Petronila, waliyebatizwa naye siku moja, akafungua.

"Chukua yai lako! Yule si mbwamwitu, ni Moro wangu!"

Petronila hakulipokea. Alitazama kizingiti.

"Najua, shoga."

"Unajua nini?"

"Nilimtambua. Sote tumemtambua. Nani hapa asiyemjua Moro?"

Obdulia akamwaga kapu zima mlangoni kwa Petronila, mayai ya kijiji kizima, akayakanyaga kwa viatu vya zizini mpaka likabaki tope la njano. Aliposhusha mkono kujifuta aproni ndipo akayagusa yale sita yake, ya kumpongeza Fermín, yamepasuka zamani na yanamchuruzikia miguuni.