Wakazi Wenye Mkono Juu

Asubuhi ya mkutano wa maoni, fundi cherehani alikuta watu wa plastiki wameketi kwenye benchi lake, kando ya bomba la maji. Aliwatambua. Wiki iliyopita aliwaona kwenye ofisi za halmashauri, wakiwa na urefu wa kidole, wamegandishwa kwenye mfano wa mtaa wa karatasi ngumu uliowekwa mezani. Sasa walikuwa na kimo cha watu wazima, weupe kama sahani, na kila mmoja mkono mmoja juu, kama walivyotoka kiwandani.

"Wamekula nini hata wakakua hivi?" aliuliza wifi yake, akiweka ndoo kwenye foleni.

"Sifa," alisema fundi. "Hebu sogeeni huko, baba."

Walisogezwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji ana nguo za watu za kushona.

Foleni ile ndiyo iliyomweka fundi mjini. Wateja walikuja na ndoo wakaondoka wamepimwa suruali, na mama aliyekwenda kazini alimwachia mtoto bila wasiwasi, kwa kuwa pale hapakosi macho. Mtaalamu wa mipango miji alikuwa amechora bwawa la mapambo mahali hapo, bomba akalitupa ng'ambo ya barabara kuu. Mtaa aliufahamu vizuri. Aliwahi kuupita, vioo vya gari vimefungwa kwa sababu ya vumbi.

Ukumbini, viti vya mbele vilikwisha kukaliwa na watu wa plastiki. Mtaalamu aliwasifu kwa utulivu wao. Alieleza habari za mtaa endelevu unaomweka mwananchi katikati, na wao hawakukohoa hata mara moja. Fundi aliwachukia kuliko alivyomchukia mtaalamu.

"Wanaokubali, mkono juu," alisema mwenyekiti.

Mikono ilikuwa juu tangu asubuhi. Mwenyekiti akaanza kuhesabu. Fundi akasimama nyuma kabisa, akainua wake ili aombe kusema.

"Na mama yule pale," alisema mwenyekiti.

"Mimi napinga! Hilo bomba—"

"Tumekuona, mama. Ahsante kwa ushirikiano. Shusha mkono."

Mkono haukushuka. Alirudi nao nyumbani ukiwa juu, na kuanzia siku hiyo alishona kwa mkono mmoja, wifi yake akimtungia uzi.

Bomba liling'olewa, bwawa likachimbwa, maji hayakutiwa. Wateja walihamia ng'ambo. Mradi ukapata tuzo ya kushirikisha jamii, na mtaalamu akaja na mpiga picha. Mara hii alishuka garini. Aliwapanga watu wa plastiki kwenye benchi na kumwomba fundi akae katikati yao, kwa kuwa mkono wake ulikaa vizuri.

Fundi akakaa, kwani benchi lilikuwa lake.

Nyuma yao wifi yake alikuwa anavuka barabara kuu, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, malori yakimpigia honi. Mpiga picha alimpungia asubiri kidogo, asiharibu mandhari. Akasubiri, palepale katikati ya barabara.