Mahali pa Kumweka Bi Mwanaheri

Mpunga ukianza kuchanua, sisi wa Mohoro huhamia bondeni wote na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, tukilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Mwaka ule Bi Mwanaheri hakuweza tena kupanda ngazi. Macho yalikuwa yamepofuka, magoti yamegoma, na kijijini habaki mtu wa kumpa hata maji. Bintiye Mwajabu akakata shauri kumpeleka mpaka mavuno kwenye nyumba ya wazee iliyojengwa na serikali ya Mwingereza, kando ya barabara ya Kibiti. Mie ni jirani ukuta kwa ukuta, ningekosaje? Nikajifunga kanga, nikafuatana nao.

Dresa Zaidi, mfunga vidonda na mwangalizi wa pale, alitupeleka uani kwenye chumba cha mwisho. Sakafu ya saruji, kuta za chokaa, kitanda cha chuma na chandarua. Mwajabu akapapasa shuka hadi machozi yakamlenga.

"Mama, humu hata nzi haingii."

Bi Mwanaheri aliketi, akatega sikio kitambo.

"Nzi haingii, na mtu je? Nani atanipigia hodi huku?"

"Bibi, hapa ni pa kupumzika," Zaidi akasema.

"Mwanangu, kupumzika kupo kaburini. Mie nimechoka nini?"

Nikacheka, Mwajabu akanifinya. Lakini Mwajabu huyohuyo alitoka, akaizunguka nyumba nzima, akarudi na vumbi miguuni.

"Bwana dresa, kile kibaraza cha jikoni, penye kuni. Mweke pale."

"Penye moshi? Njia ya kisimani ile, watu wanapita kutwa! Watasema nimemtupa mamako kwenye kuni."

"Waache waseme. Ndicho anachokitaka, awasikie watu wakisema."

Tukahamisha kuni, tukatandika kitanda cha kamba. Kabla hatujamaliza, mwanamke akapita na mtungi kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Binti wa nani weye? Mbona sauti imepwaya, mume kafanya nini?"

Basi mtungi ukatuliwa chini.

"Mama, sisi tunakwenda," Mwajabu akasema.

"Haya, nendeni salama. Ehe, halafu akakujibuje?"

Tukashika njia ya kurudi bondeni.

Kule bondeni, miaka yote, Bi Mwanaheri ndiye aliyetuamsha. Alfajiri alikuwa akisimama kwenye dungu lake, akitusalimu kwa sauti, dungu baada ya dungu, kila mtu kwa jina lake. Asubuhi yetu ya kwanza kulikuwa kimya. Kisha nikamsikia Mwajabu: "Fatu! Umeamkaje?" Nikaitika. Akamwita Tamimu, akamwita Siti, akatumaliza wote, na wote tukaitika. Alipomaliza hakuketi. Alibaki kasimama pale juu, kauelekea upande wa Kibiti, anangoja na yeye aitwe.