Binti wa Bingwa

Baba yake alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe. Wateja walimpenda kwa mkono wake mwepesi na maneno matamu. Nyumbani, kumpenda ilikuwa kazi.

Binti alipojifungua, Bingwa aliingia wodini amenyooshwa pasi mpaka soksi. Akamtupia mtoto jicho, kisha akawageukia wauguzi na kuwasimulia jinsi yeye alivyozaliwa.

"Mkunga alisema hajawahi kuona kichwa kizuri kama hiki!"

Wauguzi wakacheka mbavu hawana. Binti naye akacheka, na baba alipotoka akalia.

Mshauri wa hospitali, mama wa makamo, akaketi kando ya kitanda akamsikiliza.

"Baba yako sijamwona, siwezi kusema ana ugonjwa," alisema. "Lakini wapo watu wa hivyo. Tunadhani wanajipenda mno, kumbe mara nyingi ndani ni woga mtupu. Asiposifiwa anajiona si kitu. Ukimkosoa, anawaka."

"Atapona?"

"Akikubali mwenyewe kusaidiwa, hubadilika polepole. Wewe huwezi kumtibu, mwanangu. Unaweza kumpenda, na unaweza kumwambia hapana. Hayo mawili hayagombani."

Siku ya kurudi nyumbani, Bingwa akatangaza kwamba mtoto atarithi jina lake.

"Hapana, baba. Tumeshamchagulia jina."

"Kwani langu lina ukurutu?"

"Ni zuri. Lakini lina mwenyewe, na mwenyewe anatutosha."

Akaondoka amenuna. Siku zikapita, kimya. Mama yake akapiga simu: "Muombe radhi tu, yaishe." Miaka yote binti alikuwa akiomba.

"Mwambie nimemkumbuka, mama. Chai ipo. Radhi sina."

Jumapili moja hodi ikapigwa. Bingwa, na mkoba wake wa kazi. Wala hakugusia ugomvi. Alimtazama binti yake, nywele zimejisokota kwa wiki za kulala nusu nusu, akavuta kiti.

"Kaa hapa."

Akamwosha nywele kwa maji ya vuguvugu, akazichambua fundo moja baada ya jingine bila kumuumiza. Binti akafumba macho.

"Umechoka," baba alisema hatimaye.

"Sana, baba."

"Pole." Akafumua fundo jingine. "Ila bahati unayo. Kinyozi kama mimi ungempata wapi?"

Binti akaangua kicheko mpaka mtoto akaamka.