Matanga ya Nicole

Katika kanisa la Wakongomani, akina mama walikubaliana kwamba hakuna mfiwa aliyeshika matanga vizuri kama Bonheur. Tangu Goma ilipotekwa alivaa nyeusi: shati jeusi, suruali nyeusi, hata soksi. Hakucheza kwenye harusi ya mtu. Penye sherehe alikula kidogo, akaosha vyombo, akaenda zake. Ukutani kwake, katika chumba alichopanga Rissne, pembezoni mwa Stockholm, ilining'inia picha ya mwanamke mrefu mwenye gauni la kumetameta, na chini yake jina: Nicole. Hawakuhitaji kuuliza zaidi. Vita vimemwua mchumba wake, naye yuko huku Uswidi, hakuweza hata kumtupia udongo.

"Wanaume wa leo wanalia wiki mbili, ya tatu wanatafuta mwingine," alikuwa akisema Mama Josiane. "Huyu ana adabu. Nina mpwa wangu kule Fittja. Matanga yakiisha tu, nawakutanisha."

Mama Hortense naye alimwombea apate mke mwema, tena kwa kufunga. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaondolea watu matanga. Mwaka ukitimia, alimvua mfiwa nguo nyeusi, akamnawisha kichwa na uso, akamvika kitenge alichokishona kwa mkono wake. Kisha alitaja jina la marehemu na watu wake kwa sauti kubwa, wote wasikie kwamba kilio kimekwisha. Kazi hiyo haifanywi na yeyote tu. Anayeifanya lazima awe mtu mzima, na lazima asimame mahali pa ndugu wa damu.

Basi Jumamosi moja ya Januari Bonheur alifika kwake, akavua viatu mlangoni vikiwa vimejaa theluji, akasimama na mfuko wa plastiki mkononi.

"Tantine, shangazi yangu, nimeleta nguo ya Nicole, kama ulivyoniambia."

Mama Hortense alikuwa na utaratibu wake: alitaka vazi moja la marehemu liwekwe juu ya kiti siku ya kuondoa matanga, kiti kisikae kitupu. Alilitoa gauni mfukoni, akalinyoosha mezani kando ya cherehani. Lilikuwa la rangi ya dhahabu, limejaa vibati vya kung'aa. Akapitisha mikono kwenye mabega. Mapana. Akapapasa kifua: hakikukatwa kwa ajili ya maziwa hata kidogo. Akashuka kwenye nyonga, vidole vikazama katika kitu laini.

"Hii nini? Godoro?"

"Ni sponji, Tantine."

"Maskini binti wa watu!" Machozi yalimlengalenga. "Vita vilimkondesha mpaka akajishonea makalio!"

Bonheur aliangalia dirishani. Mabega yake yalianza kutikisika, na Mama Hortense akadhani analia. Kumbe alikuwa akicheka. Kisha akalia kweli.

"Hakukonda, Tantine. Nicole alikuwa mwanamume. Nyumbani aliitwa Kambale."

Akamweleza, amesimama palepale. Walikuwa watatu kule Goma: Kambale, yeye, na Israël. Walipenda wanaume, na kila mmoja wao alifukuzwa kwao kwa sababu hiyo. Jumamosi walikusanyika kwa Israël, wakafunga mapazia, wakavaa magauni na wigi, wakapaka midomo, wakawaimbia na kuwachekesha marafiki mpaka watu wakasahau milio ya bunduki upande wa Sake. Huku Stockholm kitu hicho kina jukwaa na tiketi, Waswidi wanakiita dragshow. Kule kilikuwa na simu moja ya kupigia muziki, na sauti chini, kwa sababu ya doria. Waliapa kwamba mmoja akifa, wengine watamwomboleza kama ndugu, maana ndugu wa kweli hawatakuja. Siku mji ulipotekwa, Bonheur akiwa tayari huku Uswidi, mabomba ya maji yalikauka, Kambale akaenda ziwani kuwatekea wenzake maji. Hakurudi.

"Israël hawezi kukusanya watu sasa. Wakizidi watano ndani ya nyumba, askari wanabisha," alisema. "Nimebaki mimi. Tangu siku ile sijapanda jukwaani, hata huku Stockholm. Na nguo hii siwezi kujivua mwenyewe, Tantine, unajua. Kama mtu mzima hatanivua, Nicole atabaki kama mtu aliyetupwa."

Mama Hortense alilikunja gauni taratibu, akalirudisha mfukoni.

"Mwaka mzima," alisema. "Nimefunga kula kwa ajili ya mke wako! Josiane amemwahidi mpwa wake. Na wewe unanyamaza, unakula wali wangu!"

"Hamkuniuliza. Mliona nyeusi na picha, mengine mkajaza wenyewe."

"Usinijibu. Nenda nyumbani."

Akaenda. Kitenge kikabaki mezani, kimekatwa lakini hakijashonwa. Siku zilizofuata Mama Hortense alikizunguka kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua. Alijiambia kwamba kanisa litasema. Alijiambia kwamba amedanganywa. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililomtuliza. Jina lile halikumtoka kichwani. Yeye ni Mnande wa Butembo, na kwa Wanande Kambale si jina la kuokota tu: ni la mtoto wa pili wa kiume. Kaka yake mwenyewe ni Kambale. Akakumbuka pia kambi ya wakimbizi Uganda, yeye mjane kijana, nguo nyeusi imepauka mgongoni, shemeji zake wametawanyika hajui wapi. Mama mmoja asiyemjua, hata lugha hawakuelewana vizuri, alimvua akamnawisha kwa maji ya jerikeni, akasema leo mimi ni wifi yako.

Alimpigia Bonheur kazini, kwenye shule ya watoto wadogo. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanapiga kelele kwa Kiswidi.

"Nani alimzika?"

"Watu wa kujitolea, Tantine. Walizika wengi pamoja. Baba yake aliambiwa, akasema hana mtoto kama huyo."

Mama Hortense alivuta kitenge karibu.

"Jumamosi, saa nane mchana. Na ukate kucha."

Jumamosi Mama Josiane alifika na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, kwa kuwa hajawahi kukosa matanga. Simu ilisimamishwa kwenye kabati la vyombo, na ndani yake alikuwa Israël, kule Goma, pazia limefungwa nyuma yake. Gauni la dhahabu lilikaa kwenye kiti. Mama Hortense hakumwambia Josiane lolote kabla. Alifungua vifungo vya shati jeusi kimoja kimoja, akalivua, akamnawisha Bonheur kichwa na uso, akamvika shati jipya la kitenge. Sasa ikabaki kutaja jina. Josiane alikuwa amesimama na kijiko, anangoja kusikia ukoo wa binti.

"Tuliyemlilia," alisema Mama Hortense, na sauti yake haikuyumba, "ni Kambale, mtoto wa pili wa kiume wa watu wetu, ambaye rafiki zake walimwita Nicole. Alikufa akiwatekea wenzake maji. Kaka yangu ni Kambale, kwa hiyo mimi ni shangazi yake. Anayesema hana watu, aje aniambie mimi. Kilio kimekwisha."

Kwenye simu Israël alijifunika uso. Josiane alitazama picha, akatazama gauni, akamtazama Bonheur kutoka juu mpaka chini.

"Hortense."

"Sema."

"Mpwa wangu amesuka nywele tangu asubuhi!"

"Atapendeza kanisani."

Josiane alikaa, kijiko bado mkononi. "Mimi mambo haya siyaelewi," alisema hatimaye. "Lakini mtu amekufa kwa ajili ya ndoo ya maji. Huyo huwezi kumwacha bila matanga." Akainuka kupakua sombe.

"Yaya Bonheur," Israël aliita kutoka kabatini, kama mdogo anavyomwita kaka yake, anapangusa pua, "matanga yamekwisha, na bado umevaa kama shemasi? Nicole angekuona angekufa tena!"

Josiane ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kikubwa kilichomshinda, mpaka akaweka sahani chini. Bonheur alimtazama Mama Hortense. Hakuomba kitu, alimtazama tu, na mkono wake ulikuwa umeshika ukosi wa shati jipya.

"Poda iko juu ya meza yangu ya chumbani," alisema Mama Hortense. "Usiimalize. Na hilo gauni ulivae taratibu, vibati vinachomoka."

Bonheur alilichukua kutoka kwenye kiti kwa mikono miwili, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango.

"Huko muziki unausikia?" Josiane alimwuliza Israël, akiwa amewasha spika.

"Ongeza, Mama. Mimi nimevaa vya masikioni. Ongeza kabisa."

Josiane akaongeza mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Jirani wa chini aligonga dari yake mara moja. Mama Hortense akajibu kwa kisigino, kisha akageuza kiti kikaelekea mlango wa chumbani, akakaa.