Mwamba Ndani ya Ukuta

Mwaka 1994, saruji ilipokuwa imeanza kujaa tena madukani, Abdulrazaki, mwana wa muuza vitambaa wa Singida mjini, alijenga jumba la sanaa huku kwetu Unyambwa. Alilijenga katikati ya majabali bila kuvunja hata moja. Kuta zilipinda kuyafuata, na paa lilikuwa bapa kama la tembe zetu.

Hata hivyo, ukuta wa nje uliuzingira mwamba ambao juu yake wifi yangu, Selina, alipura uwele kila mwaka. Uwele wenyewe ulikwisha kukatwa. Ulilala shambani, na mchwa walikuwa wameanza kuuonja. Tulikwenda kumwona mwenye jumba.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. "Karibuni mtazame kwanza."

Tulitazama. Chumba cha kwanza kilikuwa na picha tatu tu. Katika cha pili, Selina alisimama mbele ya picha kubwa ya mashamba, akauliza ni nani aliyeichora. Mara mbuzi akapita ndani yake. Lilikuwa dirisha.

"Ndivyo nilivyokusudia," Abdulrazaki alisema kwa furaha, akatutoa nje hadi uani. Mwamba ulikuwa umezungushiwa kamba. "Hapa hapakanyagwi. Hii ndiyo kazi bora kuliko zote. Tazameni ulaini huu! Upepo na mvua vimeusugua kwa maelfu ya miaka."

Selina alicheka hata akashika kiuno. "Upepo gani, mwanangu? Ni nyayo za mama mkwe wangu, na zangu, na fimbo zetu. Hebu njoo huku."

Alimpeleka upande wa pili, ambapo hapakupurwa kamwe. Jiwe lilijaa magamba ya kijivu, likakwaruza kiganja kama ngozi ya kenge.

"Ukitufungia nje, baada ya misimu michache mwamba utakuwa hivi wote."

Abdulrazaki aliinama, akapapasa huku, akarudi kupapasa kule, kana kwamba haviamini vidole vyake.

"Na wageni wakija wakati mnapura?"

"Watazame. Ila wavue viatu, wasitutilie mchanga katika unga."

Kesho yake mafundi walibomoa kipande cha ukuta ambacho lipu yake ilikuwa haijakauka. Abdulrazaki aliikata kamba kwa mkono wake, akawapisha punda wawili waliolemewa na uwele wa Selina.